Bei ya Kilo, Bei ya Jina

(Gereji chini ya mwarobaini, Bariadi mjini. Landrova 109, Series III, amekaa juu ya mawe. Mkokoteni amefunguliwa ng'ombe, anasubiri kuchomelewa. Sufuria ya mafundi imeinamishwa kando ya mafiga.)

MKOKOTENI: Mwangaluka, babu.

LANDROVA: Mwangaluka mhola. Umetokea wapi, mjukuu wangu?

MKOKOTENI: Itilima. Chuma changu cha kukokotea kimekatika, na pamba ikianza kuvunwa mzee hataki visingizio. Wewe je, unaumwa nini?

LANDROVA: Uliza kinachobaki, ndiyo orodha fupi. Bosi yuko Dar, Gerezani, anasaka spea. Mwezi uliopita alikuwa Nairobi, Kirinyaga Road. Akikosa huko ataagiza Dubai.

MKOKOTENI: Anasaka nini hasa?

LANDROVA: Ekseli ya nyuma. Lazima iwe orijino.

MKOKOTENI: Orijino ipi?

LANDROVA: Hiyo unayotembelea.

MKOKOTENI: (kimya) Babu, mimi nimezaliwa hivi hivi.

LANDROVA: Mbao zako ndizo zilizozaliwa hivyo. Chini hapo ni mimi.

SUFURIA: Afadhali wewe, umebaki na sura yako. Mimi nilikuwa mlango wa dereva.

LANDROVA: Ndiyo maana hushiki kutu. Tulipozinduliwa mwaka 1948, Waingereza walikuwa wametoka vitani na chuma hakiwatoshi, wakatuvika bodi ya aluminiamu. Mimi ni mtoto wa uhaba.

SUFURIA: Na mimi ni mtoto wa simu mpya. Bosi aliitaka, hana hela. Akaja jamaa wa chuma chakavu na mizani, nikang'olewa, nikapimwa, nikayeyushwa pamoja na pistoni zako, nikamiminwa kwenye ukungu wa mchanga. Leo napika ugali wa fundi anayelipwa kukutafutia mlango.

MKOKOTENI: Springi zako pia nimezikuta mnadani. Mhunzi kazifanya mapanga.

LANDROVA: Tairi je?

MKOKOTENI: Katambuga. Pea moja imevaliwa na mchezaji wa Bagika, nyingine na wa Bagalu. Msimu wa ngoma miguu yako ya mbele inashindana na ya nyuma.

LANDROVA: Na Bosi anasema spea zangu zimeadimika!

SUFURIA: Lakini babu, miaka yote hiyo hakukukumbuka. Nini kimemzindua?

LANDROVA: Arusha. Mwaka 2024 kulikuwa na tamasha la Land Rover. Akaona picha za wenzangu wamejipanga barabarani, watu wanagombania kupiga nao picha. Akarudi na kofia pana na neno jipya: "urithi". Kabla ya hapo nilikuwa banda la kuku. Niliposhuka hapa 1975, nikibeba maafisa wa Mamlaka ya Pamba, Bariadi ilikuwa Shinyanga. Simiyu inatangazwa mkoa 2012, mimi nishapanda mawe zamani.

MKOKOTENI: Hajaleta chochote hata kimoja?

LANDROVA: Alileta krenki. Injini yangu ina beringi kuu tatu. Zenye tano zilianza kufungwa 1980. Yeye akaleta ya beringi tano. Fundi akaigeuzageuza, akasema, "Bosi, hii ni nzuri sana. Sasa tafuta gari lake."

SUFURIA: Nilimsikia. Na zile spana?

LANDROVA: Seti nzima, zinang'aa, zote za milimita. Nati zangu ni za inchi. Namba 13 inakaa kama imekamata. Ukikaza, inakula pembe. Nati zangu sasa ni duara.

MKOKOTENI: Usimlaumu peke yake, babu. Kila msimu napeleka pamba mbegu AMCOS, kwenye chama cha ushirika. Inapimwa kilo, inakwenda kiwandani kuchambuliwa, pamba nyuzi inapanda meli. Halafu mkulima yuleyule anakwenda mnadani kununua shati la mtumba, na kabla hajauliza bei anageuza kola asome jina.

LANDROVA: Kumbe Bosi ni mwenyeji kabisa.

SUFURIA: Tunauza kwa kilo, tunanunua kwa jina.

(Bosi anashuka kwenye bodaboda, mikono mitupu. Fundi anamnong'oneza. Wote wawili wanamgeukia Mkokoteni. Bosi anapiga magoti na kufuta matope kwa leso.)

MKOKOTENI: Mbona ananipapasa?

LANDROVA: Anasoma namba iliyogongwa kwenye ekseli. Angalia anavyotoa jasho.

SUFURIA: Kainuka. Kakunja uso kama mtu aliyeona takataka. Anamwambia mzee wako: "Shikamoo mzee wangu. Hiki chuma chakavu unakifanyia nini? Tuite mizani nikusaidie."

LANDROVA: Mzee anasemaje?

MKOKOTENI: Kaitikia marahaba, kamwuliza: "Mwanangu, huko Gerezani ulikuwa unaulizia kwa kilo?"

SUFURIA: Fundi kageukia ukutani. Mabega yanamtikisika.

LANDROVA: Na Bosi?

SUFURIA: Kavua kofia.

MKOKOTENI: Mzee kasema sing'olewi mpaka gunia lake la mwisho lifike AMCOS. Msimu ukifungwa, Bosi aje na bei ya Dubai, tena juu yake nauli ya kutoka Dubai. Mizani aiache hukohuko.