Picha Tu

Wanaoilaumu tume ya uchaguzi kwa yale ya Mombasa na Kakamega, Agosti 2022, hawana shukrani. Karatasi za kumchagua gavana zilichapishwa Ugiriki, zikapandishwa ndege, rangi zake safi, kingo zimenyooka. Kilichokosewa ni picha na maelezo ya wagombea tu. Kwani fundi akikushonea kanzu ikamkaa jirani, si ameshona? Kura ya tarehe 9 ikasogezwa hadi 23, kisha 29. Kaunti nyingine 45, maskini, ziliambulia siku moja. Mzee wa Likoni aliyepanga foleni tangu alfajiri alirudi na wino kidoleni na kura tano badala ya sita. Si kunyimwa huko, babu. Ni kuwekewa akiba.