Hatua Saba za Kumiliki Pagala Handeni

Ukitoka Segera kwenda Korogwe, kisha ukashika lami ya Handeni, utayaona yamepangana kando ya njia: boma limefika lenta, mpapai umeota sebuleni, mbuzi wamejichukulia chumba cha masta. Wapita njia hudhani mapagala hayo hutokea yenyewe. Si kweli. Pagala lililokomaa lina kanuni zake, na anayezifuata bila kuruka hata moja hawezi kuezeka, awe na pesa kiasi gani. Zipo saba.

Hatua ya kwanza: njoo kiangazi

Njoo Septemba, vumbi likiwa limetulia na ardhi imenyooka kama mkeka. Aprili usikanyage. Masika humwonyesha mnunuzi bure kabisa mambo ambayo dalali analipwa kuyanyamazia: maji yanapita wapi, yanalala wapi, lori linanasa wapi. Mtu akikukumbusha mvua za Oktoba 2019, zilizokata barabara na madaraja Korogwe na Handeni, mjibu kuwa hizo zilikuwa za vuli, hazihesabiki.

Hatua ya pili: mpokee dalali kwa moyo mkunjufu

Atakudaka stendi ya Korogwe kabla hujamenya chungwa. Atakuita bosi, nawe utaanza kujiona bosi. Mtapanda pikipiki mpaka kwenye kiwanja, na hapo utaonyeshwa neema mbili: shimo la choo lililokwisha chimbwa, na kozi tatu za msingi wa zamani zilizofunikwa na majani. "Hivyo nakupa bure, bosi." Usiulize nani alichimba na kwa nini aliondoka. Mtu hahesabu meno ya ng'ombe wa zawadi.

Akisema, "Bomba linapita hapo nyuma tu," usiulize ni bomba la nini. Handeni maji ni kilio cha miaka mingi. Mradi wa HTM wa kuyavuta kutoka Korogwe ni wa miaka ya 1970, na leo miji yote miwili imo kwenye ule mradi wa maji wa miji 28. Kwa hiyo neno bomba huku linalainisha moyo kuliko neno mahari. Ukishalipa ndipo utaambiwa kuwa ni lile la mafuta ghafi, linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Mafuta yake hayafai hata kukorogea zege.

Mpakani utamkuta bibi anachimba muhogo. Atasema, "Karibuni." Mjibu, "Ahsante bibi, tuna haraka." Hili ni la lazima. Ukisimama hapo dakika kumi, mwongozo wote umeharibika.

Hatua ya tatu: pima kwa miguu

Kwa desturi heka ni hatua 70 kwa 70. Hesabu hiyo haina kasoro ikiwa kila hatua ina sentimita 90 hivi, kwa sababu mraba wa mita 63 na ushei ndio ekari yenyewe, mita za mraba 4,047. Sasa mtazame dalali. Njiani alikuwa anakuacha nyuma kwa miguu yake ya korongo. Akifika kwenye kupima, anatembea kama bibi harusi. Hatua imekuwa sentimita 60. Sabini zinatimia, wewe mwenyewe umehesabu kwa sauti, na umepata mita 42 kwa 42, yaani mita za mraba 1,764. Nusu heka haijafika. Futi kamba iache kwenye begi. Ukiitoa itaonekana humwamini mtu mliyekula naye chipsi sahani moja.

Hatua ya nne: ukwepe mkutano

Kisheria ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Hata ukipata hati ya miaka 33, 66 au 99, ulichopata ni haki ya kuitumia. Kwenye ardhi ya kijiji mambo yanachosha zaidi: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaitaka halmashauri ya kijiji isigawe ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Mkutano mkuu ni watu wazima wote wa kijiji. Hebu fikiria: watu wote wanaojua historia ya kiwanja chako wamekaa chini ya mwembe mmoja, na hawadai hata senti!

Ndiyo maana wanunuzi werevu huandikishana gizani kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wakiwa dalali na mwenye pikipiki. Muuzaji aje peke yake. Mkewe yuko msibani. Kijiji kina baraza la ardhi lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, lakini hao usihangaike kuwatafuta. Mtaonana tu.

Hatua ya tano: anza na ramani kubwa

Mshahara ni wa chumba na sebule. Chora vyumba vitano, kila kimoja na choo chake. Kibali cha ujenzi utafuatilia baadaye, ukishajua kiwanja kiko halmashauri ipi. Korogwe kuna ya Mji na ya Wilaya, Handeni nako hivyo hivyo, na dalali ameapa kuwa uko mjini ingawa usiku unasikia fisi. Kabla ya yote, nunua geti. Geti la chuma jekundu likisimama peke yake porini, bila ukuta kulia wala kushoto, hutangaza kuwa mwenye mali anakuja.

Hatua ya sita: jenga kwa simu

Rudi Dar es Salaam, umwachie ndugu kazi ya kusimamia. Kila Jumamosi utapokea picha nne za maendeleo. Ukizitazama sana utagundua ni ukuta mmoja uliopigwa kutoka pembe nne, na timazi halijaugusa. Mfuko wa saruji wa kilo 50, ambao kwa kawaida hutoa tofali thelathini na ushei, kwako unatoa sitini. Uite muujiza, lakini tofali usilibonyeze kwa kidole gumba. Kiangazi utaambiwa lambo limekauka, tuma pesa ya maji ya boza. Masika utaambiwa maji ni mengi mno, lori la mchanga limenasa, tuma pesa ya kulinasua. Katikati kuna pesa ya nondo, pesa ya chai, na pole ya fundi aliyefiwa na babu yake kwa mara ya tatu.

Pesa itakata ukifika lenta. Hongera, pagala limeiva.

Hatua ya saba: sasa ongea na bibi

Nenda mwenyewe, kwa mguu, bila dalali. Toa shikamoo. Utapewa kigoda na muhogo wa kuchemsha.

"Karibu mwanangu. Siku zote nakuona unapita na pikipiki." Ataifuta chumvi vidoleni. "Wewe ni wa tatu. Wa kwanza alichimba choo. Wa pili akaweka msingi. Wewe umefika lenta, umejitahidi."

Hapo ndipo utajua kuwa shamba ni la ndugu wanne, kwamba aliyekuuzia ni mkwe wao, na kwamba masika maji hufika hapa. Atajigusa goti.

"Bibi, mbona hukuniambia?"

"Nilikukaribisha. Ukasema una haraka."

Simu yako italia kabla hujapata jibu. Ni dalali. "Bosi, nimekupatia mteja, yuko hapa stendi, ana pesa taslimu. Nimemwambia kuna boma limefika lenta, atapewa bure."

Bibi ameacha kutafuna. Anakutazama kwa jicho la pembeni, anangoja asikie utamjibu nini.