Msinyanyue Simu, Niko Texas

Seva yetu ilikuwa Dallas, Texas. Sisi tulikuwa Kariakoo, juu ya duka la vitenge, na kilichotuunganisha nayo ni laini moja ya simu. Laini hiyohiyo bosi aliongelea na wateja, na faksi nayo ilikuwa na zamu yake.

Kabla mikongo ya baharini haijafika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setelaiti, kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ukibonyeza herufi moja, inapanda huko, inashuka, inafika Texas, kisha inarudi kwa njia ileile ndipo uione kwenye skrini. Zaidi ya kilomita 140,000 kwa herufi moja! Basi unaandika amri nzima bila kuiona, unaondoa mikono kwenye kibodi, na herufi zinajitokeza mojamoja kama abiria wanaoshuka daladala iliyojaa.

Umbali nilishauzoea. Shida ilikuwa ofisini. Modemu iliandikwa 56K; kwa nyaya zetu za shaba, ikifika 33 ni sherehe. Kompyuta moja ya Linux ndiyo iliyopiga simu na kuwagawia wote. Mhasibu wetu, mama wa makamo tuliyemwita Shangazi, alikuwa na ndugu Muscat aliyependa kumtumia picha. Picha ya megabaiti 2 ilikula dakika nane, na muda wote huo Texas kimya.

"Shangazi, unapakua kitu?"

"Hata, mwanangu. Nimefungua barua tu."

"Ina nini?"

"Ina waridi."

Waridi lina nafuu, maana huchelewesha tu. Kiama ni mtu kunyanyua simu. Niko katikati ya kusasisha programu ya barua pepe, nasikia dada wa mapokezi: "Haloo? Mbona inapiga mluzi?" Laini imekwenda. Unix, mfumo wa seva yetu, ililelewa enzi za modemu: ikijua simu imekatika, huziua kazi ulizoacha, hata kama zimefika nusu. Kilichotuokoa ni screen, programu iliyokuwepo tangu 1987. Kazi inaendelea kulekule Texas, nawe ukipiga simu tena unaikuta ilipofika.

Hata hivyo nilibandika karatasi kwenye simu: MSINYANYUE, NIKO TEXAS. Dada wa mapokezi akaichukulia kama taarifa rasmi. Mteja akiniulizia, anajibiwa, "Yuko Texas, atarudi saa tisa." Habari zikamfikia mama ntilie wa pale chini, akagoma kunikopesha.

"Baba, mtu wa kwenda Marekani asubuhi na kurudi jioni, unakopa ubwabwa?"

Sikuwa na jibu. Nikalipa, na maharage juu.

Nawe unayeendesha seva kwa faiba leo, usiidharau screen. Mei 2024 mikongo miwili ilikatika baharini, na intaneti ya Tanzania ikarudi kutambaa.