Mheshimiwa Koko

Saa moja jioni, Kawangware, pale kelele za steji ya 46 zinapoanza, muuza mutura anapuliza makaa yake na mheshimiwa tayari ameketi. Hakai karibu, hakai mbali. Amekaa umbali wa teke moja na hatua moja ya ziada, kipimo alichojifunza kwa mbavu zake mwenyewe. Rangi yake ni ya vumbi la Riruta mwezi wa Februari. Sikio moja limesimama. La pili liliishia kwenye ugomvi ambao hakuna aliyeuandikia ripoti. Wateja wanadhani anaitazama nyama. Wala. Anatazama simu. Amegundua kwamba mtu anayelipa kwa M-Pesa hushika kipande kwa vidole viwili huku akibonyeza namba ya siri kwa kidole gumba cha mkono huohuo, na kwamba siku haiishi bila mmoja kuponyokwa. Kipande kikiponyoka, hakifiki chini.

Huyu ndiye ninayetaka kumsifu leo. Wengine wote mjini hapa wana wasifu wao. Mwanasiasa ana wapambe, tapeli ana wakili, matatu ina mchoraji. Mbwa wa Lavington ana daktari wa kumkagua meno na kijana wa kumtembeza asubuhi kwa mkanda wa ngozi, na ukiwatazama vizuri huwezi kujua ni nani ametolewa nje apunge hewa. Mbwa koko hana mtu. Hata jina lenyewe ni la kumsukumia mbali, maana koko kwa wazee wa pwani ni kichaka. Vichaka vya Nairobi tulivikata tukajenga ghorofa, yeye akabaki na jina.

Lakini tusidanganyane kuhusu cheo chake. Wahenga walionya kwamba ukicheza na mbwa ataingia nawe msikitini. Hawakusema kwamba angeingia kwenye Katiba. Katiba yetu, ile iliyotiwa saini Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010, ina Jedwali la Nne linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti. Shuka hadi sehemu ya pili, nambari ya sita: udhibiti na maslahi ya wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Shule za chekechea ziko nambari ya tisa. Zimamoto wako nambari ya kumi na mbili. Ng'ombe, ambaye watu wamemwimbia na kuuana kwa ajili yake tangu zamani, hakutajwa kwa jina katika jedwali hilo. Amefichwa ndani ya neno mifugo kama abiria wa ziada. Mbwa ametajwa waziwazi, na chini yake kidogo wameongeza mahali pa kumtunza na hata pa kumzika. Mimi nimefanya kazi miaka mingi na hakuna hati ya serikali iliyowahi kunifikiria mpaka kaburini namna hiyo.

Mwaka 2015, gavana akiwa Evans Kidero, Nairobi ikamtungia mbwa sheria yake ya kaunti, ya kumdhibiti na kumlinda kwa pamoja. Mwenye mbwa achukue leseni. Alipe ada.

Sasa mimi ni raia mwema, na nina mbwa, Bosco, mzaliwa wa Uthiru, mama yake koko na baba yake uvumi. Nikaamua kumhalalisha. Nilivaa koti, nikapanda matatu hadi mjini, nikaingia katika ofisi fulani ambayo sitaitaja kwa sababu bado nina shida nyingine za kupeleka huko.

"Mzee, ni leseni ya nini?" aliniuliza dada wa dirisha la kwanza.

"Ya mbwa."

"Unauza mbwa?"

"Siuzi. Ninaye tu."

Alinitazama kama mtu aliyekiri kosa ambalo hakuna aliyemshtaki. Kisha akageuka nyuma. "Kuja usikie. Huyu mzee anataka kulipia mbwa."

Mwenzake akaja, akasikia, akacheka kwa adabu. Wakanielekeza dirisha la leseni za biashara. Huko niliulizwa biashara ina ukubwa gani. Nikasema inafika hapa, nikaonyesha goti. Wakanipeleka kwa leseni za pombe, kwa maelezo kwamba hao ndio wanaelewa mambo magumu. Mtu wa pombe alikuwa mwungwana. Alitafuta kwenye kompyuta, akaandika "mbwa", akaandika "dogi", sistimu ikakwama kwa heshima ya swali. Nirudi Alhamisi. Alhamisi nikaambiwa anayejua habari za mbwa ameenda semina Naivasha. Nikarudi nyumbani na pesa zangu zote. Bosco alinipokea getini bila mshangao wowote. Nadhani alijua tangu mwanzo.

Njiani nikirudi steji ndipo nilipoanza kumwelewa mheshimiwa. Barabara moja karibu na Marikiti ilikuwa imejaa mama wa parachichi, vijana wa soksi na mzee mmoja wa dawa ya panya. Mtu akapiga mluzi: kanjo! Askari wa kaunti wamefika. Kufumba na kufumbua, shuka zilikunjwa, parachichi zikabebwa, mzee akaruka mtaro kwa wepesi ambao dawa yake haiwezi kuuelezea. Barabara ikabaki nyeupe. Katikati ya hiyo barabara, kwenye kivuli cha lori lenyewe la kubebea wakosaji, mbwa koko alikuwa amelala. Hana leseni ya kuishi, hana leseni ya biashara, hana kitambulisho. Askari mmoja alimruka. Yeye alifungua jicho, akalifunga.

Nairobi ni mji wa kulipia. Unalipia kuegesha, unalipia choo, unalipia barabara ya juu kutoka Westlands hadi Mlolongo. Chini ya barabara hiyohiyo, katikati ya nguzo zake, koo nzima za mbwa hulala kivulini bure, na zege lile lina ubaridi mzuri adhuhuri, wameniambia kwa mkao wao.

Na mtu asinidanganye kwamba wanakaa bure tu. Kwanza wanalinda mji mzima, hata pale ambapo hawapo. Tembea Kileleshwa, panda hadi Loresho, uhesabu mageti yaliyoandikwa MBWA KALI. Kibao cha bati, herufi nyekundu, mara nyingine na picha ya mbwa wa Kijerumani aliyechorwa na mtu ambaye hajamwona mbwa wa Kijerumani. Nashuku nyuma ya mageti mengi hayo hakuna mbwa. Kuna soja mmoja mwenye redio na mto wa kiti. Kibao hakili ugali wala omena, hakizai, hakidaiwi leseni. Niambie kiumbe mwingine ambaye jina lake likiandikwa tu ukutani, mwizi anaghairi. Hata wabunge wetu hawajafika hapo; majina yao yakiandikwa ukutani, mwizi anaona amekaribishwa.

Pili, ni mkaguzi. Ukitaka kujua lori la taka halijapita mtaa fulani, usiende ofisini, hesabu mbwa. Wakiwa wawili, lori lilipita juzi. Wakiwa tisa na watoto, lori mnalisoma kwenye ilani za uchaguzi tu. Upande wa machinjio ya Dagoretti mbwa wana miili ya watu wenye kazi za kudumu, na wakivuka barabara huvuka bila haraka, kama wanaotoka ofisini. Wenzao wa Kangemi ni wembamba na wepesi zaidi, watu wa kibarua.

Sasa najua kuna msomaji anayenyanyua kidole: lakini hawa hawana wenyewe! Hapo ndipo tunapomsingizia. Watafiti waliofuatilia mbwa wa Afrika Mashariki wamekuta jambo lilelile mara nyingi: wengi wa wanaozurura wana wenyewe. Mchana anaitwa Simba, analala mlangoni pa chumba namba nne katika ploti, watoto wanamvuta mkia. Saa tatu usiku geti linafunguliwa kidogo, anaambiwa nenda ukajitafutie. Akirudi alfajiri ni Simba tena. Akimng'ata mtu saa sita ya usiku, ni mbwa koko, hatumjui, labda ametoka Kibra.

Vivyo hivyo na watoto wa mbwa. Mbwa jike hubeba mimba siku kama 63, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Tuseme sita kila mara: kumi na wawili kwa mwaka, na kabla hujamaliza kulipa mkopo wa boda boda yako, wale majike wa kwanza nao ni akina mama. Huhitaji kuwa mhasibu. Mwenye ploti anachagua dume moja lenye kifua, waliosalia wanaingia kwenye katoni ya sabuni na kuwekwa usiku karibu na soko, "Mungu atawaona." Shauri la kuhasi likitajwa, wanaume wa mtaa wetu hupatwa na uchungu mkali kwa niaba ya mbwa. Nimemsikia mmoja akisema ni kinyume na mila zetu. Nikamuuliza mila ipi. Akasema, hizo tu.

Nisije nikaonekana nimelewa sifa. Mheshimiwa ana jambo moja ambalo halina utani. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa pembezoni mwa Nairobi hii hii, mji ukiwa na miaka kumi na mitatu tangu reli ifike. Chama cha kutetea wanyama, ambacho leo tunakijua kama KSPCA na kina makao yake Karen, kilikuwa kimeanzishwa miaka miwili tu kabla, mwaka 1910. Tangu siku hizo ugonjwa haujabadilisha masharti: dalili zikishaonekana kwa mtu, ni kifo, karibu bila ubaguzi. Dunia nzima hupoteza watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kwa mwaka, na kati ya kila kumi, wanne ni watoto wa chini ya miaka kumi na mitano. Mtoto huumwa usoni na shingoni kwa sababu kimo chake na cha mbwa ni kimoja. Kwa hiyo ukiumwa, acha kusoma makala: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo uanze chanjo. Usipake mafuta ya taa. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kenya imejiwekea mwaka 2030 kumaliza vifo hivi, na njia yake haina uchawi. Chanja mbwa asilimia 70, mwaka baada ya mwaka, na ugonjwa unakosa pa kupita. Lakini asilimia 70 ya wangapi? Leseni ambayo mimi nilishindwa kununua ndiyo ilikuwa ituambie. Jina la mbwa, mtaa wake, tarehe ya sindano, nani aulizwe akiuma. Tunaiita ada, tunaikwepa kama tunavyokwepa ada zote, na wanaoipokea wanaona si pesa ya kusimamisha mtu dirishani. Ndiyo maana namwita mheshimiwa. Amebeba mgongoni risiti ya pesa ambayo hakuna aliyelipa, anaizungusha mjini kila usiku, na sisi tunamrushia mawe.

Septemba 28, siku ambayo dunia hukumbuka kichaa cha mbwa kwa sababu ndiyo aliyofariki Louis Pasteur, aliyetengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo, kulikuwa na chanjo ya bure katika uwanja mmoja karibu nasi, upande wa Kabete. Nikampeleka Bosco. Mitaa yote ilikuwa pale. Watoto walikuja na mbwa waliofungwa kamba za manila, mishipi ya sare za shule, mmoja kwa tai. Mama mmoja alimbeba wake ndani ya leso kama mtoto. Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo alikuwa akinyanyua ngozi ya shingo, sindano, basi, mwingine; na msichana mezani akijaza kadi.

Bosco alipomaliza, tukaona kwamba kuna mtu nyuma yetu. Rangi ya vumbi, sikio moja. Hakuwa na kamba. Sijui kama alitoka Kawangware kwa miguu yake au ni ndugu yake, wanafanana sana. Alikuwa amesimama kwenye foleni kwa utulivu, umbali wa teke moja na hatua moja, na alipofikiwa akatoa shingo.

Yule mwanafunzi hakumuuliza kitu, akamchoma. Msichana akachukua kadi mpya.

"Jina la mbwa?"

"Koko," wakajibu watoto kwa pamoja.

"Mwenyewe?"

Watu wakatazama mawingu. Mimi nikaanza kumkagua Bosco masikio. Kadi ilikuwa wazi mezani, kalamu ikingoja, hadi mvulana wa ile tai akapaza sauti kutoka nyuma:

"Andika wa kanjo."

Msichana akaandika.