Mwulize Mshauri: Juu ya Vitofali, Vibingirikavyo, na Mengine Yanihusuyo

"Mheshimiwa Mshauri, mwanetu wa kwanza ametimiza miezi saba. Niliingia dukani kumnunulia vitofali vya kupanga na vigogo vya kubingirisha, nikakuta rafu zimejaa: vya mbao, vya plastiki, vya kitambaa, vya kupanda juu na vya kukimbia chini. Nikatoka mikono mitupu. Tangu siku hiyo mke wangu hasemi nami. Nichague vipi?" (Baba Mpya, Tanga)

Mwanangu Baba Mpya, baada ya salamu, na baada ya kukutakia kheri wewe na huyo mtoto, na mama yake pia, ambaye kununa kwake naona kuna haki ndani yake, napenda kwanza nikupongeze. Wala sikupongezi kwa kupata mtoto, jambo ambalo wengi hulipata pasipo elimu kubwa, bali kwa kuwa katika mji wote wa Tanga, pamoja na walimu wake, mahakimu wake na wazee wake wa baraza, hukuona wa kumwandikia ila mimi. Hiyo ni dalili ya akili, na akili hurithiwa.

Wako watakaonong'ona kwamba swali la vitu vya kuchezea halimstahiki mtu wa daraja yangu, ambaye rai zake zimekwisha kutumika katika kesi za mipaka ya minazi, katika kuchagua rangi za kuta za watu wa heshima, na katika usuluhishi wa majogoo waliokuwa wakiwika kwa kushindana hata mtaa mzima ukakosa usingizi. Hasha! Wenye hekima waliolishughulikia jambo hili kabla yangu si haba. Mwingereza John Locke, katika kitabu chake juu ya malezi kilichotoka mwaka 1693, alishauri herufi zibandikwe juu ya dadu ili mtoto ajifunze kusoma huku akidhani anacheza. Nami rai hiyohiyo niliifikia kwa akili yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa katika kiti cha kinyozi, na lau kinyozi yule angalikuwa na kalamu mkononi badala ya wembe, leo yangalikuwapo mabishano makubwa juu ya nani mwenye haki ya sifa hiyo. Ila zingatia jambo moja ambalo Locke hakulitilia mkazo: mtoto wa miezi saba hasomi dadu, huila.

Baada yake akaja Mjerumani Friedrich Fröbel, ambaye mwaka 1837 alifungua nyumba ya malezi katika mji mdogo wa Blankenburg, akatunga vitu vya kuchezea alivyoviita hidaya. Hidaya ya kwanza ilikuwa mipira laini ya sufu yenye rangi mbalimbali. Ya pili ilikuwa tufe la mbao, mchemraba wa mbao, na baina yao mcheduara. Na hoja yake, ambayo ni hoja ya mtu mwenye kufikiri, ni kwamba tufe halitulii, mchemraba hauondoki, lakini mcheduara ukiulaza hubingirika na ukiusimamisha hutulia, kwa hiyo huwapatanisha wale wawili waliotofautiana kwa tabia. Niliposoma hayo nilipigwa na bumbuazi, maana ndiyo sifa yangu kamili: nikilala hubingirika usiku kucha, na nikisimama watu hutulia wanisikilize. Hidaya ya tatu ilikuwa mchemraba uliokatwa vipande 8, mtoto avunje kizima kisha akirudishe. Na malipo aliyoyapata mtu huyo ni yapi? Serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule zake mwaka 1851, yeye akafariki mwaka 1852, na marufuku hayakuondolewa mpaka 1860. Nakueleza hayo ujue kwamba wenye maarifa ya vitofali wana desturi ya kudhulumiwa. Mimi mwenyewe kamati ya harusi moja, ambayo kwa adabu siitaji, ilinikataza kuinuka na kutoa nasaha kabla ya pilau.

Ukikisikia kisa cha Frank Lloyd Wright usihadaike nacho. Ni kweli kwamba mama yake aliviona vitofali vya Fröbel katika maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876 akamnunulia mwanawe, na kwamba mwana huyo akaja kuwa msanifu wa majengo mashuhuri kabisa, hata jumba la makumbusho la Guggenheim mjini New York, lililofunguliwa mwaka 1959 na ambalo ndani yake mtu hupanda kwa kuzunguka, ni kazi yake. Akina baba wakisikia hayo hukimbilia dukani wakihema, wasiulize kijana alikuwa na umri gani. Alizaliwa mwaka 1867. Hesabu mwenyewe.

Wako hajengi, mwanangu, na usimtazamie kujenga. Wa miezi saba hukishika kitu kwa kiganja kizima, hukihamisha toka mkono huu hata ule, hukipeleka kinywani, hukiangusha ili asikie kishindo chake, na akikuona umepanga viwili juu ya viwili atavipiga kofi kwa furaha isiyo na kifani. Huko kubomoa ndiko kusoma kwake. Anajifunza kwamba mkono wake una athari duniani, fundisho ambalo baadhi ya wajumbe wa kamati niliyoitaja hawajalipata hadi leo. Karibu na miezi tisa atagonganisha viwili. Baina ya mwaka mmoja na mwaka na robo aghlabu huweza kukiweka kimoja juu ya mwenziwe. Akifika mwaka na nusu hupandisha vitatu au vinne, na mwenye miaka miwili sita hivi, ijapokuwa watoto hawaishi kwa kalenda na mwingine huchelewa bila ya kuwa na ila yoyote. Mama yangu, Mungu amrehemu, ambaye hakuwa mtu wa chumvi, alikuwa akisimulia kwamba mimi kabla ya kuota jino la pili nilisimamisha vifuu vya nazi vikapita kimo cha kinu, majirani wakaja kutazama.

Na juu ya kubomolewa naomba nikuusie, kwa sababu yamenifika. Mtoto wa jirani, msichana wa miezi minane mwenye uso wa upole, aliletwa kwangu apakatwe. Nikampangia mnara wa vibiriti, kimoja kimekingama juu ya chenziwe kwa ufundi ambao siuoni siku hizi, nikarudi nyuma kidogo niutazame. Alijiburura kwa tumbo, akanitazama mimi kwanza, kisha mnara, kisha mimi tena, akanyoosha kidole kimoja. Kidole kimoja tu! Nilimwandikia baba yake barua ya kulalamika, ya kurasa mbili, kwa wino mweusi. Jibu halijafika. Mtoto naye kila anionapo hunyoosha kidole kilekile na kucheka, naye mama yake hudai kwamba anataka nipange tena, dhana ambayo naiona ina chembe ya ukweli: mnara wako si kitu cha kutazamwa, ni kitu cha kuangushwa, na kazi ya baba ni kuusimamisha upya mpaka mgongo ulalamike.

Sasa hatari, kwa kuwa nisipoitaja watu watasema Mshauri ni mtu wa hadithi tu. Huko Marekani vitu vya watoto wasiotimiza miaka 3 hupimwa kwa kikopo chenye kipenyo cha milimita 31.7, kipande chochote kiingiacho chote ndani yake hakiruhusiwi kuuzwa kwa watoto hao, kwa kuwa kitaziba na koo. Wewe huna kikopo hicho, lakini unalo lile bomba la karatasi ngumu libakilo karatasi ya msalani ikisha, ambalo upana wake umezidi kidogo, na kwa hiyo lina hadhari kuliko serikali ya Marekani: chochote kipitacho humo, kifungie kabatini. Mimi hutembea nalo mfukoni hata karamuni, nikapima sambusa mbele ya wenyeji, na waliodhani ni darubini sikuwasahihisha.

Mwuza duka atataka kukuuzia mnara wa waridi wa Maria Montessori, yule daktari Mtaliana aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Michemraba yake ni 10, mkubwa una sentimita 10 kila upande na mdogo una sentimita 1. Ni kitu cha fahari, lakini kimekusudiwa watoto wa miaka 3 hivi, na ule mdogo wa mwisho mwanao ataupokea kama tende. Mwambie mwuza duka kwamba Mshauri amekataa. Akiuliza Mshauri gani, toka humo dukani. Si mahali pa kuacha fedha.

Fauka ya hayo, seremala wa mtaani kwako ana mabaki ya mbao yangojayo kuwa kuni. Mwombe akukatie michemraba ya sentimita 5 kila upande, na vipande viwili vitatu vya mcheduara wa unene huo, apige msasa hata pembe zisahau ukali wake; kisha pitisha juu yake soksi nyembamba ya mkeo (ukiomba ruhusa kwa ishara, maadamu hamsemezani), na popote uzi utakaponasa pana kibanzi, arudie. Mvule na mninga waachie wenye milango. Ni mbao nzito kwa vidole vya miguu vya mtoto, tena vumbi la mvule huwawasha maseremala pua na ngozi. Rangi usiitake. Madini ya risasi, ambayo rangi nyingine huwa nayo na ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kadiri ndogo, hayaonekani kwa jicho wala hayana harufu. Kitambaa cheupe kilicholowa kitakufichulia rangi ichujukayo, lakini ile isiyochujuka haijakupa hati ya usalama. Mbao tupu, au iliyopakwa nta ya nyuki, yatosha. Nami nina kanuni yangu ambayo sijaiona katika kitabu chochote: kitofali na kitafunwe na baba kwanza, sebuleni, mbele ya wageni, kwa muda usiopungua kikombe kimoja cha kahawa. Asiyeweza kutafuna asinunue.

Amma kubingirika, mpira ni kitu kizuri lakini hauna adabu. Ukisukumwa hupotelea uvunguni. Mcheduara huenda njia moja na husimama karibu, mtoto akaufuata kwa kutambaa. Lakini kilicho bora kuliko vyote kwa mtu wa kipato chetu ni vile vikombe vya plastiki vya kuingizana, vipana mdomoni na vyembamba kitakoni. Chukua kimoja ukilaze sakafuni, ukisukume taratibu: hakiendi moja kwa moja, kwa sababu mdomo wake una mzunguko mkubwa kuliko kitako, basi huandika duara na kurejea ubavuni mwa mtoto aliyekisukuma. Kesho vitapangika, vitaingiana, vitateka maji ya kuogea. Chagua vyenye tundu kitakoni, kwa maana kikombe kizima chaweza kumng'ang'ania mtoto usoni kikamziba pumzi.

Kuhusu mkeo, nakupa dawa ambayo wataalamu wa ndoa hawaijui. Leo alasiri lala kifudifudi juu ya mkeka, kidevu chini, utazame chumba kwa macho ya mwanao. Utaona kifungo kilichopotea tangu Idi, sumaku iliyobanduka katika jokofu, na labda ile betri ndogo ya duara ya saa, ambayo ikikwama kwenye umio huweza kuuunguza ndani ya saa mbili. Vyote hivyo viondoe. Mkeo akiingia akakukuta katika hali hiyo, ama atacheka, ama atauliza umepatwa na nini, na katika hali zote mbili atakuwa amesema neno.

Nilikuwa na mengi zaidi, hususa juu ya ujana wangu, lakini kijana wa kiwanda cha chapa yupo mlangoni na ananyoosha mkono. Basi: vitofali vinne vya kitambaa au mbao tupu, mcheduara mmoja, vikombe vyenye tundu, mengine mpaka atimize mwaka. Wasalaam.

"Mshauri, mjukuu wangu ana mwaka mmoja. Kila nikimpangia vitofali huvirusha, na kimoja kimempiga paka. Mtoto huyu ana nini?" (Bibi, Mji wa Kale, Mombasa)

Bi mkubwa, nashika miguu. Hana kitu, wa umri huo hurusha ili ajue kinakwenda wapi, kinalia vipi, na nani atakiokota. Vya mbao viweke juu, mshonee vya vipande vya kanga vilivyojazwa sufi, mshono upite mara mbili, na ndani usitie mbegu wala njuga. Paka atasamehe. Picha yangu uliyoiomba mwishoni mwa barua, au niliyoelewa kuwa umeiomba, inakuja kwa posta. Ni ya ukubwa wa kutundika ukumbini, na fremu ni juu yako.