Nifute? Ndiyo

Fundi wetu wa kompyuta kachoshwa na picha za "Asubuhi njema": waridi, kikombe cha chai, jua linalochomoza. Kuzifuta kwa mkono kaona ushamba. Kakesha siku mbili akiandika skripti inayofungua picha moja moja na kuuliza, "Nifute?", naye abonyeze y. Waridi, y. Waridi tena, y. Kufika ya 40 kidole kimeshazoea, macho yamehamia kwenye mpira. Na amri ya rm inayofuta ndani ya skripti hiyo, kwa wasioijua, haijui kapu la taka; ikifuta imefuta. Picha ya cheti cha kuzaliwa ikaenda na waridi. Sasa anaandika skripti ya kurudisha. Simu imelia hapo: waridi jipya, kutoka kwa mama mkwe.