Usimeze Dawa ya Jirani: Namna ya Kuujua Mwili Wako Kiayurveda

Kwanza, weka simu chini. Lile jaribio la maswali kumi, linalokutangaza kuwa mtu wa vata (maana yake inakuja) eti kwa sababu una vidole vyembamba na unasahau funguo, halijakuona. Vaidya wa Kerala, yaani tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, husoma miaka minne na nusu, kisha mwaka mzima wa mafunzo ya kazi, ndipo apewe shahada. Atakushika mkono asikilize mapigo, atazame ulimi, aulize choo chako kikoje. Ukiona haya kujibu hilo la choo, utarudi nyumbani na dawa ya mtu mwingine.

Ayurveda inataja nguvu tatu: vata ya upepo, kavu na baridi, pitta ya moto, kapha ya maji na udongo, nzito, isiyo na haraka. Unazo zote, kwa kipimo ulichozaliwa nacho, na kipimo hicho ndicho prakriti. Lakini vaidya anatibu vikriti, yaani kilichovurugika leo, na hapo ndipo wanunuzi wanapojikwaa. Mtu wa kapha, mnene na mpole, anaweza kulalamikia kiungulia, ambacho ni cha pitta. Mtazame umbo tu, umpe trikatu (tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu, zote kwa pamoja), na utakuwa umeumwagia moto petroli. Kwa mafundisho hayohayo alistahili amla, tunda chachu linalohesabiwa kuwa la kupoza.

Ashwagandha, mzizi unaosifiwa sana siku hizi, hupewa mtu wa vata asiyepata usingizi, ndani ya maziwa ya vuguvugu. Una joto, kwa hiyo mtu wa pitta auchukue kwa tahadhari. Mjamzito, mwenye ini lenye hitilafu na yule ambaye tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi wasiuguse kabisa, hata mapigo yakisema nini.

Halafu kagua kopo la dawa lenyewe. Mwaka 2004 watafiti walichapisha vipimo vya bidhaa 70 za Kiayurveda kutoka maduka ya eneo la Boston, Marekani: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto wa vata na wa kapha vilevile. Basi omba cheti cha maabara cha toleo hilohilo unalonunua, na muuzaji akikujibu kwamba dawa ni ya asili, rudisha kopo kwenye rafu.